Namna ya Kuchagua Bidhaa za Nywele na Midomo Zinazokufaa: Mwongozo wa Msusi

Mwaka jana mteja mmoja aliingia saluni kwangu, Sinza, akiwa na kikapu, akakiweka juu ya meza na kuanza kupanga makopo moja baada ya jingine hadi yakafika tisa. "Dada," akaniambia, "mshahara wangu wote unaishia Kariakoo, na nywele bado zinakatika." Nilivaa miwani, nikayageuza makopo yote na kusoma maandishi madogo ya nyuma. Saba kati ya hayo tisa, ambayo kwa mbele yalikuwa na picha za parachichi, nazi, asali, kitunguu na yai, yalianza na viambato vilevile viwili, yaani mafuta ya mgando na mafuta ya madini, huku hilo parachichi likitajwa mwishoni kabisa, baada ya manukato. Alikuwa amenunua kitu kimoja mara saba, na katika kikapu kizima hapakuwa na kondishena hata moja.

Utaratibu ninaoueleza hapa ndio niliofuata na mteja huyo. Unaanzia kichwani kwako, na dukani unafika baadaye.

Hatua ya 1: Kagua ngozi ya kichwa kabla ya nywele

Gawanya nywele mistari minne au mitano kwa chanuo lenye mkia, mchana, karibu na dirisha, na umwombe mtu akutazamie sehemu ya nyuma. Ngozi iliyokauka hutoa unga mweupe mwembamba unaodondoka mabegani ukijikuna, ilhali mba hutoa magamba makubwa zaidi, yenye mafuta na rangi ya manjano kidogo, na mara nyingi hujitokeza pia kwenye nyusi na pembeni mwa pua. Tofauti hii inafaa kuzingatiwa sana, kwa sababu mtu mwenye mba hukimbilia kujipaka mafuta zaidi ili kuficha magamba, na fangasi wanaohusika na mba huishi kwa kula mafuta hayohayo ya ngozi. Mwenye mba anahitaji shampuu ya dawa, ambayo nyuma yake utakuta mojawapo ya majina haya: Ketoconazole, Selenium Sulfide au Zinc Pyrithione. Shampuu hiyo hupakwa kwenye ngozi ya kichwa, huachwa kwa dakika 3 hadi 5, kisha husuuzwa. Ukiipaka na kuimwagia maji papo hapo, dawa haikupata nafasi ya kufanya kazi, na fedha zako zimekwenda na maji.

Ukiona mabaka ya mviringo ambayo nywele zake zimekatika karibu kabisa na ngozi, hasa kwa mtoto, hayo huenda ni mapunye, nayo hayaponi kwa mafuta wala kwa shampuu peke yake. Mtoto apelekwe zahanati, kwa kuwa mapunye ya kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na chanuo lake lisitumiwe na mtu mwingine.

Jambo la mwisho la kukagua ni nywele za pembeni mwa uso. Zikiwa zimepungua na kurudi nyuma wakati za katikati ziko sawa, chanzo chake kwa kawaida ni misuko inayobana, na hakuna kopo la kurekebisha hilo iwapo msuko unaofuata utabana vilevile. Ninasema hivi nikijua kwamba misuko ya kubana ndiyo inayonilipia kodi ya fremu.

Hatua ya 2: Pima jinsi nywele zako zinavyopokea maji

Osha nywele kwa shampuu na usipake kitu chochote, kisha ziache zikauke zenyewe. Zikishakauka, chukua chupa ya kupulizia, pulizia maji kwenye fungu dogo na utazame kwa karibu. Kwenye vichwa vingine utaona matone madogo yamesimama juu ya nywele kama umande kwenye jani la mgomba, yakikataa kuingia. Kwenye vingine maji humezwa mara moja na fungu hubadilika rangi likawa jeusi zaidi. Wanaojaribu kwa kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji wasubiri uzame au uelee hujidanganya, kwa sababu unywele wenye mabaki ya mafuta huelea hata ukiwa wa aina gani.

Nywele zinazokataa maji huhitaji bidhaa nyepesi, na kondishena hupenya vizuri zaidi kukiwa na joto, ndiyo maana stimingi, yaani kuzifukiza nywele kwa mvuke, huwasaidia sana watu wa kundi hili. Nywele zinazomeza maji haraka huyapoteza haraka pia, na kundi hili mara nyingi ni la waliowahi kupaka rangi, kuunguza kwa pasi ya nywele au kutia dawa ya kulainisha. Wao wanahitaji kondishena nzito zaidi, kisha mafuta mazito juu yake ili kuzuia maji yasitoke.

Fanya na jaribio la pili: chukua unywele mmoja uliodondoka, uloweshe, uvute taratibu kwa vidole. Ukivutika kidogo na kurudi, uko salama. Ukikatika hapohapo bila kuvutika, umekauka, unahitaji unyevu. Ukivutika kama bazoka na usirudi, umeharibiwa na kemikali, nao utanufaika na kondishena yenye protini, ambayo kwenye lebo huonekana kama Hydrolyzed Keratin au Hydrolyzed Wheat Protein. Mteja wangu wa makopo tisa alikuwa wa kundi la katikati: nywele zake zilikatika kwa ukavu huku zikiwa zimezama kwenye mafuta. Mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kuyazuia yaliyokwishaingia yasitoke, kwa hiyo ukiyapaka kwenye nywele kavu unaufungia ukavu ndani.

Hatua ya 3: Zingatia maji ya kuoshea na hali ya hewa ya mahali unapoishi

Maeneo mengi ya Dar es Salaam hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na mtu anaweza kulaumu shampuu nzuri kwa kosa la maji. Madini yaliyomo hushikana na sabuni ya kipande na kuacha utando unaozifanya nywele kuwa ngumu na kukosa mng'ao. Kama hali yako ni hiyo, acha kuoshea nywele sabuni ya kipande, tafuta shampuu yenye neno EDTA kwenye viambato vyake, kwani hushika madini na kuondoka nayo, na ukiweza usuuze mara ya mwisho kwa ndoo moja ya maji ya mvua.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Glisirini huvuta unyevu, na kwa mtu wa Tanga au Mombasa, ambako hewa ina majimaji mwaka mzima, huzifanya nywele kuwa laini. Kwa aliyeko Dodoma wakati wa kiangazi, inafaa kufunikwa na mafuta juu yake, kwa kuwa hewa kavu itaunyang'anya unywele unyevu huo.

Hatua ya 4: Geuza kopo na usome nyuma

Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi hadi kilicho kidogo, ila vile visivyofika asilimia 1 vinaweza kupangwa kwa mpangilio wowote mwishoni. Kwa hiyo majina matano ya kwanza ndiyo bidhaa yenyewe, na yanayofuata baada ya Parfum, yaani manukato, mara nyingi ni ya kupambia tangazo. Unaponunua kondishena au losheni ya nywele, jina la kwanza linapaswa kuwa Aqua, yaani maji. Petrolatum ni mafuta ya mgando, na Paraffinum Liquidum ni mafuta ya madini. Hayana ubaya yakitumika kama kifuniko, bali ubaya ni kuyanunua kwa bei ya parachichi.

Mafuta ya nazi huandikwa Cocos Nucifera Oil, nayo yana sifa ambayo mengi hayana: hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, hivyo yafaa zaidi kupakwa usiku wa kuamkia siku ya kuosha. Mafuta ya mnyonyo, Ricinus Communis, ni mazito na hubaki juu, kwa hiyo ni ya kufungia. Siagi ya shea huitwa Butyrospermum Parkii.

Kwa dawa za kulainisha nywele, tazama kama kiambato chake ni Sodium Hydroxide au Calcium Hydroxide. Ya kwanza ni kali zaidi kwa ngozi ya kichwa. Ya pili ni pole kidogo kwa ngozi, lakini huacha mabaki ya kalsiamu yanayokausha nywele, na mtumiaji wake hawezi kukwepa kondishena. Zote mbili huunguza, na haifai kupakwa kwenye kichwa chenye kidonda au kilichokunwa jana.

Ukiwa bado umeshika kopo, tafuta namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na anwani ya mtengenezaji. Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Alama ndogo ya kopo lililofunguliwa yenye maandishi kama 12M ina maana kwamba bidhaa hiyo itumike ndani ya miezi 12 tangu ilipofunguliwa, hata kama tarehe ya kwisha iko mbali. Mimi mwenyewe niliwahi kununua katoni nzima ya kondishena kwa bei ya kutupwa, na nilipofungua dukani kwangu nikakuta namba za toleo zimefutwa kwa spiriti. Niliitupa yote, na hasara nikaila peke yangu.

Hatua ya 5: Nunua vichache

Kwa watu wengi, shampuu moja, kondishena moja, losheni moja isiyooshwa na mafuta ya aina moja ya kufungia vinatosha.

Hatua ya 6: Chagua cha midomo kwa kuangalia unachokwepa

Ngozi ya midomo ni nyembamba na haina tezi za mafuta, kwa hiyo haiwezi kujilainisha yenyewe. Watu huilamba ili kuilowesha, mate yanakauka, midomo inakauka zaidi, wanalamba tena. Kibaya ni kwamba bidhaa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya midomo iliyopasuka zina mentholi na kafuri, vitu vinavyoleta ubaridi mtamu kwa dakika chache na baadaye kuiwasha na kuikausha ngozi, hivyo mtu anajipaka kila nusu saa na kuamini kwamba dawa inafanya kazi. Ukiona unahitaji kupaka mara 15 kwa siku, ipumzishe bidhaa hiyo kwa wiki mbili na utumie mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi. Kwa watu wengi hayo ndiyo mafuta bora ya midomo, na ni ya bei ndogo kuliko yote niliyowahi kuuza. Ladha za mdalasini na mnanaa nazo huwadhuru baadhi ya watu, hata zikiwa kwenye dawa ya meno.

Kwa anayeshinda juani, kama mvuvi, mkulima, bodaboda au mama anayeuza barabarani, mafuta ya mgando hayatoshi kwa sababu hayazuii jua. Atafute mafuta ya midomo yaliyoandikwa SPF 30 au zaidi na apake kabla ya kutoka, akitilia mkazo mdomo wa chini ambao hupigwa na jua zaidi. Kwa mtu mwenye ualbino hili ni la lazima, na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza mafuta ya kujikinga na jua, Kilisun, kwa ajili yao. Midomo iliyopasuka kwenye pembe tu, kushoto na kulia, huenda ina fangasi au ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma au vitamini B, na hiyo si kazi ya duka la vipodozi.

Hatua ya 7: Jaribu kwenye ngozi kabla ya kupaka

Paka kiasi kidogo cha bidhaa mpya ndani ya kiwiko na usubiri saa 48. Kwa rangi nyeusi za nywele jaribio hili lisirukwe hata siku moja. Nyingi zina kemikali inayofupishwa PPD, ileile inayopatikana kwenye piko wanayochorwa maharusi wa Pwani, kwa hiyo mtu aliyewahi kutoka malengelenge kwa sababu ya piko asipake kabisa rangi nyeusi yenye PPD kichwani, kwani mara ya pili mwili hujibu kwa ukali zaidi, na uso mzima unaweza kuvimba hadi macho yakafumba. Hina halisi ni ya rangi ya kahawia na wekundu. Ukiambiwa ni hina nyeusi, uliza imechanganywa na nini.

Hatua ya 8: Ingiza bidhaa moja kwa wakati mmoja

Ukianza bidhaa nne siku moja na kichwa kikawasha, hutajua ya kulaumu. Andika kwenye daftari au simu tarehe uliyoanza kila moja, na uipe muda unaoistahili: kondishena huonekana kazi yake ndani ya kuosha mara mbili au tatu, shampuu ya mba huhitaji wiki 4 hivi, na midomo iliyoachishwa mentholi hutulia ndani ya wiki mbili. Kidonda cha mdomoni ambacho hakijapona baada ya wiki tatu kionwe na daktari. Mteja wangu alirudi baada ya miezi miwili akiwa na kikapu kilekile, safari hii kikiwa na mboga, na makopo saba aliwagawia wadogo zake wapake miguuni.