Katika Caro-Kann, askofu d6 kwanza, h6 baadaye
Anayecheza kete nyeusi katika ulinzi wa Caro-Kann, mojawapo ya njia za kuanza mchezo wa chesi (sataranji), akiona farasi mweupe ametua kwenye mraba wa g5 kwenye hatua ya tano, asiharakishe kumfukuza kwa kusogeza askari (kete ndogo) hadi h6 kabla ya kumtoa askofu hadi d6. Garry Kasparov, bingwa wa chesi, alisogeza askari huyo h6 mapema mjini New York tarehe 11 Mei 1997, katika mchezo wa sita dhidi ya kompyuta ya Deep Blue. Farasi mweupe akajitoa mhanga kwenye e6, mfalme mweusi akakwama katikati ya ubao, na bingwa huyo mkubwa akasalimu amri baada ya hatua 19 tu. Askofu akishafika d6, mfalme hupata njia ya kupitia e7 hadi f8, na mhanga ule hupoteza sehemu kubwa ya makali yake.