Kuoanisha na Kushirikisha Takwimu za Sensa za Nchi Kadhaa: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtafiti anayetaka kulinganisha maisha ya kaya za Mwanza, Kisumu na Jinja ana nafasi ambayo waliotutangulia katika fani hii hawakuipata. Tangu mwaka 1999 mradi wa IPUMS International, ulioko Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, umekuwa ukipokea sampuli za sensa kwa makubaliano na ofisi za takwimu za mataifa, zikiwemo za Tanzania za mwaka 1988, 2002 na 2012 pamoja na za Kenya, Uganda na Rwanda, na kuzitoa bila malipo kwa watafiti walioomba wakakubaliwa. Ikiwa unachohitaji kimo humo, anzia humo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule ambaye sensa yake haimo, au anayetaka swali ambalo bado halijaoanishwa, yaani majibu yake hayajapangwa yalingane kutoka nchi hadi nchi, naye ameamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe kisha kuwapa wenzake faili litakalofaa. Mimi naifanyia kazi hii hapa Mwanza, kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka kando ya ziwa.

Jambo la kibali lisisubiri mwisho. Takwimu za mtu mmoja mmoja ziko mikononi mwa ofisi iliyozikusanya, na ofisi hiyo inabanwa na sheria. Kwa Tanzania ni Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, ambayo hairuhusu taarifa zinazomtambulisha mtu zitolewe nje. Pata ruhusa ya maandishi inayosema wazi kama unaweza kuwagawia wengine ulichokitengeneza.

Hatua ya kwanza: soma dodoso na mwongozo wa karani kabla ya kufungua faili

Chapisha dodoso la kila sensa uliyonayo, ulitandaze mezani, na usome swali baada ya swali pamoja na maelekezo aliyopewa karani. Unatafuta mambo mawili: swali liliulizwaje, na liliulizwa kwa nani. Swali la kazi linaloulizwa kwa wenye umri wa miaka 5 na zaidi katika nchi moja, na miaka 10 na zaidi katika nchi nyingine, haliwezi kulinganishwa mpaka uwaondoe watoto wa kundi la kwanza. Asiyeulizwa swali apewe msimbo wake, yaani namba inayosimama badala ya jibu, na aliyeulizwa lakini jibu lake halikupatikana apewe msimbo mwingine. Ukiwaweka pamoja, asilimia zako zote zitapotoka bila wewe kugundua.

Huku kwetu kuna swali ambalo mimi hulitafuta kabla ya mengine yote: wavuvi waliokuwa ziwani usiku wa kuamkia siku ya sensa walihesabiwa wapi? Kambi ya wavuvi wa dagaa inaweza kuwa na wanaume arobaini bila mke wala mtoto hata mmoja. Kama sensa moja iliwahesabu kambini na nyingine ikawarudisha kwenye kaya zao, utaona mabadiliko makubwa ya uwiano wa wanaume na wanawake katika visiwa, ilhali hakuna aliyehama.

Hatua ya pili: tengeneza misimbo inayohifadhi kila kilichosemwa

Kosa la wanaoanza ni kupunguza majibu mpaka yabaki yale yanayopatikana katika nchi zote. Njia bora ni msimbo wa tarakimu tatu, ambamo tarakimu ya kwanza inabeba maana iliyo sawa kila mahali, na zinazofuata zinabeba undani uliopo katika baadhi ya nchi tu. Tuchukue hali ya ndoa. Dodoso la Kenya la 2009 linatenganisha ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi. Dodoso la Tanzania la 2012 halifanyi hivyo, lakini linawatenga wanaoishi pamoja. Basi 200 iwe walio katika ndoa au muungano bila maelezo zaidi, 210 ndoa ya mke mmoja, 220 ndoa ya wake wengi, na 230 wanaoishi pamoja. Anayetaka kulinganisha nchi zote atasoma ile 2 ya mwanzo. Anayechunguza ndoa za wake wengi nchini Kenya naye hatakosa chake.

Elimu inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu neno ni lilelile na maana ni tofauti. Tanzania na Uganda, aliyemaliza shule ya msingi amesoma miaka saba. Kenya, aliyemaliza chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 amesoma minane, na aliyemtangulia amesoma saba. Mimi huweka vigeu viwili, yaani safu mbili za majibu ndani ya faili: kimoja kinahifadhi hatua kama nchi yenyewe inavyoitambua, kingine kinahesabu miaka ya masomo. IPUMS wanatumia kipimo cha kimataifa cha miaka sita ya msingi, ambacho kinarahisisha ulinganisho, ingawa kinamhesabu aliyeishia darasa la sita hapa kwetu kuwa amemaliza msingi. Chagua unavyoona inafaa, lakini uamuzi wako uandikwe kwenye maelezo ya faili.

Kila uamuzi wa namna hii ukae kwenye jedwali la ulinganifu: safu moja ya jibu la asili kwa lugha yake, safu ya msimbo wa asili, safu ya msimbo mpya, na safu ya maelezo. Kigeu cha asili kisifutwe kamwe. Na pale ambapo nchi moja haikuuliza, acha wazi. Sensa za Kenya huuliza kabila, za Tanzania hazijauliza tangu ile ya 1967, na pengo hilo halina njia halali ya kuzibwa.

Hatua ya tatu: panga mipaka ya kiutawala

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na mimi nimeonja. Miaka ya mwanzo nilichora grafu iliyoonyesha Mkoa wa Mwanza ukipungukiwa na watu, kutoka karibu milioni 2.9 mwaka 2002 hadi 2,772,509 mwaka 2012. Namba zote mbili zilikuwa sahihi. Kilichobadilika ni mkoa: mwaka 2012 Geita ilikatwa ikawa mkoa unaojitegemea, na upande wa mashariki Busega, iliyotoka Magu, ikaingizwa katika mkoa mpya wa Simiyu. Grafu ile ilikuwa imekwishawafikia watu kabla sijaelewa, na nililazimika kuwaandikia mmoja mmoja kuwaomba waiondoe.

Ukijaribu kurekebisha kwa ngazi ya mkoa, utaona mkoa mmoja unavyovuta mwingine. Mkoa wa Geita haukutoka Mwanza peke yake, bali ulichukua Bukombe na Mbogwe kutoka Shinyanga, na Chato kutoka Kagera. Simiyu nayo sehemu yake kubwa ilitoka Shinyanga. Kwa hiyo eneo dogo kabisa lisilobadilika kwa ngazi ya mikoa ni Mwanza, Geita, Simiyu, Shinyanga na Kagera kwa pamoja, yaani sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa, na eneo kubwa kiasi hicho halimfai mtafiti anayetaka kujua kilichotokea Sengerema. Shuka basi kwenye wilaya. Geita ya 2002 ni sawa na Geita na Nyang'hwale za 2012. Magu ya 2002 ni Magu na Busega. Biharamulo ya 2002 ni Biharamulo na Chato. Unganisha wilaya za sensa mpya mpaka zilingane na ile ya zamani, upe kila muungano msimbo mmoja wa kudumu, kisha uhakikishe kwa ramani za sensa zote mbili kwamba hakuna kata iliyovuka mpaka bila kutangazwa kwenye orodha yako.

Hatua ya nne: ficha utambulisho wa watu

Kufuta majina ni mwanzo tu. Sensa ya 2012 iliuliza kuhusu ulemavu, na ualbino ulitajwa humo. Wanaoishi Kanda ya Ziwa wanajua jinsi watu wenye ualbino walivyowindwa na kuuawa, na familia nyingi bado zinaishi na hofu hiyo. Sasa tazama mstari mmoja wa faili: mwanamke, miaka 19, mwenye ualbino, kaya ya watu 11, kata moja kisiwani. Jina halipo, lakini mtu yeyote anayefika kwenye mwalo wa kisiwa hicho, pale mitumbwi inapotia nanga, ataonyeshwa mlango. Kwa sababu hiyo mimi huwa mkali katika hatua hii kuliko nyingine zote, hata mtafiti anaponilalamikia kwamba nimemnyima undani.

Ondoa kata, kijiji, kitongoji na eneo la kuhesabia watu. IPUMS hawatoi jina la eneo lenye watu chini ya 20,000, na mimi nafuata kiwango hicho. Futa tarehe ya kuzaliwa, ubakize umri. Umri mkubwa ufungwe katika kundi la juu, kwa mfano 85 na zaidi. Kaya kubwa mno ziingizwe katika kundi moja. Majibu adimu, kama kazi isiyofanywa na watu wengi au nchi ya kuzaliwa yenye watu wachache, yaunganishwe na ya jirani. Aina ya ulemavu ibaki kwenye faili la taifa lisilo na wilaya, au iondolewe kabisa.

Baada ya hapo chagua kwa bahati nasibu sehemu ndogo ya kaya, na ubadilishane msimbo wa wilaya kati ya kaya mbili zinazofanana kwa ukubwa. Takwimu za jumla hazitatikisika, lakini hakuna atakayeweza kuapa kwamba kaya anayoiona ndiyo anayoidhania. Changanya mpangilio wa kaya ndani ya wilaya na uzipe namba mpya, maana mpangilio wa zamani unafuata njia aliyopita karani. Mwisho hesabu mchanganyiko wa wilaya, jinsia, umri, kazi na elimu: pale ambapo watu hawafiki watano, rudi nyuma ukaunganishe zaidi.

Hatua ya tano: kagua uzito

Sampuli ya asilimia 10 huchukua kaya moja katika kila kumi, na kila mtu humo husimama badala ya watu kumi: hiyo kumi ndiyo uzito wake. Sampuli ya Tanzania ya 2012 ina watu karibu milioni 4.5, jumla ya uzito wao inapaswa kuikaribia 44,928,923 iliyotangazwa. Rudia ukaguzi huo kwa kila wilaya, jinsia na kundi la umri.

Hatua ya sita: shirikisha

Mwombaji aeleze utafiti wake kwa aya moja au mbili, na atie saini kwamba hatajaribu kumtambua mtu, hatalitumia faili kibiashara, hatampa mwingine, na atazitaja ofisi za takwimu zilizokusanya data. Faili liende pamoja na madodoso, jedwali la ulinganifu na maelezo ya yote uliyoyabadilisha, isipokuwa orodha ya kaya zilizobadilishana wilaya, ambayo haitoki mkononi mwako. Kila toleo lipewe namba na tarehe, na utunze orodha ya waliolipokea, ili siku utakapogundua kosa uweze kuwaandikia wote toleo lipi waliache na lipi walichukue.