Mchenza wa uani Tanga: kabla ya kutazama tunda, tazama kiungo

"Nilinunua mche wa chenza, nikaumwagilia, umestawi vizuri tu. Mbona sasa unazaa malimau?" Malalamiko haya yako kila mtaa, na lawama zote humwangukia muuza miche. Kweli wapo wanaouza wasichokijua, lakini mara nyingi mche ulikuwa chenza halisi siku ya kupandwa. Uligeuka limau hapo hapo uani, mwenye nyumba akiutazama kila asubuhi na kufurahi unavyorefuka.

Mche wa kubebesha ni miti miwili katika shina moja. Juu ni chenza unayoitaka. Chini, yenye mizizi, huku kwetu mara nyingi ni mlimau wa kienyeji, ule wa tunda lenye ganda nene la vinundu. Wazalishaji wanaupenda kwa sababu mizizi yake inakwenda mbali, inastahimili kiangazi na inakubali udongo wa kichanga. Udhaifu wake ni kwamba shina lake likikaa kwenye unyevu hushikwa na ugonjwa wa kuoza na kutoa utomvu. Udhaifu mwingine ni kiburi: muda wote unatafuta nafasi ya kuchipua na kuwa mti wenyewe.

Kwa hiyo kazi ya miaka mitatu ya mwanzo ni kukilinda kiungo, pale miti hiyo miwili ilipokutana. Kiungo utakijua kwa kovu au kijipinda kidogo kwenye shina. Ukiushika mche usikione, uache hapo hapo, kwani huenda umeoteshwa kwa mbegu. Mche wa mbegu nao ni mti, ila unakuwa na miiba mingi na unaweza kukuweka miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuonja tunda, ilhali mche wa kubebesha huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu au wa nne. Ukiwa na mbegu za chenza jikoni, otesha chache uone mwenyewe: mara nyingi mbegu moja hutoa miche miwili hata mitatu. Mingi kati ya hiyo hufanana na mama yake, kwa hiyo tatizo la mche wa mbegu ni kungoja kuliko aina ya tunda.

Kununua

Muheza ndiko kwenye machungwa na ndiko wengi wa Tanga mjini wanakofuata miche. Usichukue mrefu kuliko yote. Chukua wenye shina la unene wa penseli au zaidi, na kiungo kiwe kimepanda juu ya udongo wa kiriba (mfuko wa nailoni wa mche) angalau shubiri moja. Mwombe muuzaji uchungulie chini ya kiriba. Mzizi mkuu ukiwa umetoboa nailoni na kuzama ardhini, utakatika wakati wa kuung'oa na mche utakaa umezubaa miezi mingi.

Kisha soma majani, na hapa usiwe na haraka. Chukua jani lenye rangi ya njano, likunje katikati kwa kufuata mshipa mkuu, ulinganishe pande mbili. Njano ikifanana pande zote mbili, mara nyingi ni njaa ya virutubisho na inatibika. Ikiwa upande mmoja una mabaka yasiyolingana na ya upande wa pili, shuku ugonjwa wa kijani cha michungwa, ambao mti ukishaupata hauna dawa. Huenezwa na vidudu vidogo vinavyofyonza machipukizi, na pia husafiri ndani ya miche na vijiti vya kubebeshea. Zamani ugonjwa huu ulijulikana zaidi milimani, kwa sababu kidudu cha asili ya Afrika kinachoueneza hupenda ubaridi wa kama Lushoto. Lakini mwaka 2016 watafiti waliripoti kupatikana Tanzania kwa kidudu kingine chenye asili ya Asia, nacho hakiogopi joto. Mtu wa pwani hana tena sababu ya kusema hilo ni la wenzetu wa milimani. Kwa hiyo mche wa zawadi kutoka mkoa mwingine, hata ukitoka kwa shemeji, ukunje jani kwanza.

Ule mti wa majani ya kutilia mchuzi (curry leaves), unaopendwa sana kwenye nyumba za Wahindi, ni wa ukoo mmoja na michungwa na kidudu hicho cha Asia huzaliana juu yake. Kama unao uani, mchenza upande mbali nao, na machipukizi yake uyakague pia.

Shimo na siku ya kupanda

Panda masika yanapoanza, mwishoni mwa Machi au Aprili, ili mche upate miezi ya mvua mbele yake. Vuli ya Oktoba hadi Desemba nayo inafaa, mradi uwe na maji ya uhakika, maana baada yake linakuja jua la Januari na Februari.

Shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60 linatosha. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Ule wa juu uchanganye na debe moja au mawili ya samadi iliyooza kabisa, rudisha shimoni, kisha acha wiki mbili au tatu utulie. Usiruke hatua hii ya kusubiri. Udongo uliofukuliwa hushuka, na mche uliopandwa siku hiyo hiyo hushuka nao, hadi kiungo kilichokuwa juu kinajikuta kimefukiwa. Kikifukiwa, chenza yenyewe inaweza kutoa mizizi yake isiyo na ugumu wa mlimau, na shina likabaki linanyonya unyevu kila mvua inaponyesha.

Wenye viwanja karibu na bahari, Raskazone na kwingineko, mara nyingi watakuta mwamba wa matumbawe chini ya udongo mchache. Vunja kwa mtaimbo, halafu mwaga ndoo mbili za maji shimoni. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, hapo si mahali pa mchenza. Tafuta pengine, au inua tuta pana la kimo cha goti na upande juu yake.

Siku ya kupanda chana kiriba na ukiondoe chote. Mizizi iliyojizungusha chini ikate kwa wembe. Sawazisha uso wa udongo wa kiriba uwe juu kidogo ya ardhi, si chini. Kiungo kibaki wazi sentimita 20 hivi. Mfereji wa kushikia maji uchimbe kwa duara lililo mbali na shina, na shina lenyewe likae kwenye kijilima katikati, ili maji yafike mizizini bila kulilowesha. Nafasi kati ya mti na mti ni mita 5 hadi 6 kwa mchenza, 6 hadi 7 kwa mchungwa. Ndimu ya kawaida inaridhika na mita 4 au 5.

Aliyepanga nyumba anaweza kuanza na nusu pipa lililotobolewa matundu mengi chini. Ndimu huvumilia maisha ya chombo kuliko chenza.

Maji, na maji gani

Kiangazi cha kwanza mpe kila mche ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Kichanga kikali kinaweza kutaka mara tatu. Kikombe kimoja kila jioni hakisaidii, kwani hulowesha vumbi la juu na kuifundisha mizizi kubaki juu juu.

Jamii yote ya michungwa haipatani na chumvi. Visima vingi vya karibu na ufukwe huingia chumvi kiangazi, na mche utakwambia kwa ncha za majani kuungua na kuwa kahawia, kisha kudondoka. Onja maji: ukisikia chumvi ulimini, mche nao unaisikia. Kinga maji ya mvua, au changanya ya kisima na ya bomba. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga usiyamwage hapo. Mgomba unaweza kukusamehe, mchenza mchanga hautakusamehe.

Funika udongo kwa makumbi ya nazi au nyasi kavu ili unyevu usikimbie, ukiacha wazi duara la sentimita 30 kuzunguka shina. Mabaki ya mkonge ni mazuri yakishaoza kabisa. Mabichi yana uchachu unaochoma mizizi.

Chakula

Mwezi mmoja baada ya kupanda, mche ukianza kutoa majani mapya, anza kuulisha. Gramu 100 za mbolea ya dukani ya CAN kwa mwaka mzima wa kwanza zinatosha, zigawe mara tatu au nne wakati wa mvua, nyunyiza mbali na shina na ufunike kwa udongo. Mwaka wa pili ongeza maradufu. Samadi debe moja kila mwanzo wa mvua inaendelea.

Majivu ya jikoni watu wanayapenda mno. Kwenye udongo mwekundu wenye uchachu, kidogo hayana ubaya. Kwenye udongo wa matumbawe ni kosa, kwa sababu udongo ule tayari una chokaa nyingi, na chokaa inafungia madini ya chuma yasipande mtini. Dalili yake ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Hapo ongeza samadi na matandazo, na nyunyizia majani busta (mbolea ya maji ya kunyunyizia majani) yenye chuma, zinki na manganizi. Mwenye miti mingi apeleke udongo ukapimwe, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kiko hapo Muheza.

Machipukizi ya chini

Turudi kwenye yale malimau. Kila wiki mbili inama utazame shina chini ya kiungo. Chipukizi lolote linaloanzia huko, hata liwe zuri vipi, ling'oe kwa kidole likiwa bado laini. Likishakuwa gumu likate kwa kisu kikali kwenye shina lenyewe, bila kuacha kisiki, maana kisiki hutoa matatu mengine. Utalitambua kwa kasi yake na miiba, na ukilifikicha jani linanuka limau kali, tofauti na harufu ya jani la chenza. Msimu mmoja wa uzembe unalitosha kulipita tawi la chenza kwa urefu na kulinyima maji hadi likauke. Kwa mbali unaona mti umenawiri, kumbe chenza imekufa ndani yake.

Juu ya kiungo, kinyume chake, usiwe na mkono mwepesi. Acha matawi matatu au manne yaliyoelekea pande tofauti kuanzia sentimita 60 hivi kutoka chini, ondoa yaliyovunjika na yanayosuguana, basi. Mchenza mchanga unaopunguzwa kila mara unachelewa kuzaa. Shina linalopigwa na jua la mchana lipake chokaa nyeupe.

Wadudu wa machipukizi

Kwenye majani machanga utaona kitu kinachofanana kabisa na kinyesi cha ndege, cheusi chenye baka jeupe. Kiguse kwa kijiti. Kikitoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa na harufu kali, ni kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano. Akikua anageuka kijani na hamu inaongezeka. Wachache tu wanaweza kuuacha mche mdogo uchi ndani ya siku chache. Dawa ya nyumbani ni vidole. Tafuta na mayai, ya duara, moja moja juu ya majani laini.

Mistari ya rangi ya fedha inayopindapinda ndani ya jani ni kazi ya kiwavi mchimbajani. Usikate majani hayo, bado yanatengeneza chakula. Machipukizi yajayo yakiota, yanyunyizie mwarobaini: gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, zilale usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni kwa kuwa jua huua nguvu yake.

Majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wengi huwachoma moto. Binafsi ningewaacha. Wanawinda viwavi na wadudu wengine mchana kutwa, na wakulima wa pwani wanawajua kwa kazi hiyo kwenye minazi na mikorosho. Ubaya wao ni kuuma, na kuwafuga vidungata wanaotoa maji matamu, kwa hiyo mahali wanapochezea watoto uamuzi ni wako.

Na mbuzi. Hakuna mdudu anayefikia mbuzi wa jirani. Zungushia miba au wavu tangu siku ya kwanza.

Matunda ya kwanza

Miaka miwili ya mwanzo ua na tunda lolote ling'olewe. Wengi huona uchungu hapa, hasa watoto wakishaliona, lakini mche wa kimo cha kiuno ukibeba matunda unaacha kujenga mizizi na matawi.

Mwaka wa tatu ukiacha yakue, usingoje yawe na rangi ya machungwa kama ya picha za dukani. Ganda hubadilika sawasawa pale usiku unaposhuka kwenye nyuzi 13 hivi, na Tanga hata Julai usiku huzunguka nyuzi 20. Chenza ya huku inaiva ikiwa kijani au kijani-njano, wakati ya Lushoto inapata rangi yake. Iliyoiva utaijua kwa ganda kulegea kidogo ukiibonyeza, na kwa kuonja moja kabla ya kuchuma nyingine. Kata kwa mkasi karibu na tunda. Ukivuta, ganda huchanika pale kikonyoni na tunda halimalizi siku tatu.