Kupiga picha vitu vya fedha nyumbani bila mng'ao: nifanyavyo mimi Lamu

"Dada, hii ni fedha au ni bati?" Mteja wa Nairobi aliniuliza hivyo kwa WhatsApp, na sikumlaumu. Nilikuwa nimempelekea picha ya pete yenye kigae cha kaure, zile ambazo mafundi wetu wa Lamu huzipachika vipande vya sahani kuukuu. Flashi ilikuwa imekifunika kigae chote kwa doa jeupe, na fedha yenyewe ikatoka nyeusi kama sufuria ya mkaa.

Nilichelewa kuelewa kwamba kitu kinachong'aa ni kioo. Kamera haioni fedha, inaona kile ambacho fedha inakitazama. Ikitazama flashi, utapata doa. Ikitazama chumba chenye giza, itatoka nyeusi. Ikitazama kitambaa cheupe kipana, ndipo itakapotoka fedha. Kwa hiyo usihangaike kupunguza mwanga. Chagua kionekane nini ndani ya kioo hicho.

1. Futa, kisha usiguse tena. Tumia kitambaa laini cha kufutia miwani. Alama ya kidole ambayo jicho halikuiona, picha itaionyesha. Weusi ulio ndani ya nakshi uache, maana bila huo nakshi haisomeki.

2. Tafuta dirisha. Zima flashi, zima na taa za chumbani. Balbu ya manjano ikichanganyika na mwanga wa nje, upande mmoja wa pete utakuwa wa dhahabu na mwingine wa buluu.

Mafunzo mengi ya Ulaya husema tumia dirisha la kaskazini, basi. Kwao ni sawa. Lamu iko kama digrii 2 tu kusini mwa ikweta, na jua letu huhama. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Machi, jua la saa 6 mchana huegemea kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini hubaki kivulini. Miezi iliyobaki ni kinyume chake. Mimi hukumbuka kwa pepo: kaskazi ikivuma, dirisha la kaskazini; kusi ikivuma, dirisha la kusini. Ubaya wake ni kwamba upepo nao unaingia kwa dirisha hilohilo, na utakupeperushia kila kitu. Weka vibanio vya nguo karibu.

3. Jenga chumba cheupe. Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Weka meza karibu na dirisha. Tundika shuka jeupe jembamba kati ya dirisha na pete. Leso usitumie hata kama ina nyeupe nyingi, rangi zake zitaingia kwenye fedha. Chukua karatasi ya manila nyeupe, ilaze mezani, kisha ipandishe nyuma kwa mkunjo laini bila kuivunja. Weka nyingine upande ulio mbali na dirisha, na nyingine juu kama paa.

Shuka na manila zisogeze karibu kabisa, mpaka zikaribie kuingia kwenye picha. Mwanga laini hautokani na udogo wa mwanga, unatokana na upana wake mbele ya kitu. Shuka lilelile likiwa mita 2 kutoka kwenye pete huwa ni kijidoa tu. Likiwa sentimita 20, huifunika pete nzima.

Pete isimamishe kwa punje ya nta ya mshumaa chini yake.

4. Rudisha weusi kidogo. Ukishazungusha weupe kila upande, fedha inafanana na plastiki. Kata ukanda wa karatasi nyeusi wenye upana wa sentimita 2, usimamishe pembeni, nje kidogo ya picha. Utaona mstari mweusi ukichora ukingo wa pete. Usogeze mbele na nyuma huku ukitazama simu. Mimi hutumia muda mrefu kwenye ukanda huu kuliko kwenye kitu kingine chochote.

5. Jifiche. Siku moja nilipiga dele la kahawa la ami yangu. Akaitazama picha, akacheka: "Mwanangu, wapiga dele au wajipiga wewe?" Tumboni mwa dele nilikuwapo mimi na buibui langu, na juu yangu boriti za dari zimepinda kama mbavu za nyangumi. Toboa manila nyingine tundu la ukubwa wa lenzi, iweke mbele ya simu, upige kupitia hapo. Rudi nyuma kidogo, vuta picha mara 2, ili lenzi yako iwe ndogo ndani ya kioo.

Sinia bapa ni rahisi zaidi: mwanga huondoka kwa pembe ileile uliyoingilia, kama mpira ukidunda ukutani. Hama kidogo tu, doa litaondoka.

6. Simu. Kwenye skrini, bonyeza na ushikilie pale kitu kinapoonekana ili simu isibadilishe mwanga, kisha teremsha mwanga kidogo. Palipoungua kwa mwanga mpaka pakawa peupe hapaokolewi, penye kiza panaokoleka. Weka saa ya sekunde 3, na uiegemeze simu kwenye kitu kizito.

Utauziwa filta ya polaraiza, kile kioo cha kuweka mbele ya lenzi ili kukata mng'ao. Kwenye fedha tupu haisaidii kitu. Kwenye kigae cha kaure, kioo au mbao iliyopakwa vanishi inasaidia sana, hasa ukitazama kwa mshazari badala ya moja kwa moja.

Na dele? Umbo la mviringo linatazama chumba kizima, kwa hiyo tundu la lenzi halifichiki lote. Mimi huligeuza dele mpaka kidoa hicho cheusi kiangukie kwenye nakshi ya shingoni, mahali ambapo hakuna atakayekitafuta.