Friji limekufa: kutengeneza au kununua jingine?

Swali hili halijibiki mpaka ujue kilichokufa ni nini. Friji zima haliharibiki kwa mpigo. Kinachoharibika ni kipande kimoja, na kipande hicho ndicho kinachoamua. Kikiwa ni relei ya kuwashia kompresa (ile mota ya nyuma inayosukuma gesi), hata friji la miaka kumi na tano linastahili fundi. Kikiwa ni bomba lililotoboka ndani ya povu la ukuta, hata la miaka mitatu ulifikirie mara mbili. Kwa hiyo kipimo kwanza, bei baadaye. Fundi anayekutajia laki na nusu akiwa bado amesimama mlangoni amekadiria mfuko wako.

Kabla ya yote, okoa mzigo. Friza lililojaa sato na sangara waliokwisha kuganda hukaa na baridi yake karibu siku mbili likiwa limefungwa. Likiwa nusu, hesabu siku moja. Kinacholimaliza ni kufungua kila saa kuangalia kama samaki wameanza kulainika. Lifunge, litandike blanketi juu (usizibe pale kompresa ilipo kama bado unajaribu kuwasha), kisha uanze uchunguzi.

Anza na umeme, si friji

Chomeka taa au chaja kwenye soketi ileile. Ikiwaka, pima volti kwa mita. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na kati ya 207 na 253 friji halina sababu ya kulalamika. Jioni, wakati mtaa mzima unapika na kupiga pasi, nyumba zilizo mwisho wa laini hushuka chini ya 190. Hapo kompresa hunguruma sekunde chache, inashindwa kuzunguka, ovalodi (swichi ya kuikinga) inakata kwa mlio wa "tik", na baada ya dakika kadhaa inajaribu tena. Watu wengi wamenunua kompresa mpya kwa ugonjwa huu, na kompresa mpya nayo ikaanza "tik". Angalia pia waya wa kuongezea: ule mwembamba wa chaja za simu haubebi friji. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani yake. Ifungue uipime kabla hujamwita mtu.

Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa hulazimika kuanza wakati presha ya gesi bado haijasawazika. Ipe dakika 5 za kupumzika. Friji gadi, kifaa kinachokaa kati ya soketi na plagi ya friji, hufanya kazi hiyo yenyewe na hukata volti zikishuka au zikipanda mno. Friji lolote jipya au lililotengenezwa lianze maisha nyuma ya friji gadi, kwa sababu bei yake ni ndogo kuliko ya kompresa mpya.

Kompresa haiwaki

Chomoa plagi ukutani. Pembeni ya kompresa kuna kifuniko cha plastiki. Ndani yake mna relei na ovalodi. Chomoa relei uitikise sikioni. Ikichakarika kama njuga, kidonge cha ndani kimepasuka, nunua nyingine. Hii ndiyo furaha ya fundi mwaminifu, kwa maana ni kazi ya dakika kumi na spea ya bei ndogo.

Relei ikiwa nzima, pima pini tatu za kompresa kwa omu, mbili mbili. Utapata namba tatu, na ile kubwa lazima iwe jumla ya mbili ndogo: mfano 12, 18 na 30. Jozi isiyosoma kitu maana yake koili (nyaya za mota ndani ya kompresa) imekatika, ila kama kompresa bado ina moto, subiri ipoe saa mbili upime tena, kwani baadhi zina kinga ya joto ndani. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye pini na nyingine kwenye chuma cha kompresa palipokwaruzwa rangi. Mita isisome chochote. Ikisoma, koili imegusa chuma, kompresa hiyo imekwisha, na ikikurusha ukigusa friji usishangae.

Mafriji ya inveta, yaani yale ambayo kasi ya kompresa hupandishwa na kushushwa na bodi ya umeme, yana kanuni nyingine. Pini tatu za kompresa yake husoma karibu sawasawa na kuwashwa kwake kunatoka kwenye bodi hiyo. Usikubali mtu aichomeke kompresa ya inveta moja kwa moja kwenye umeme "aione kama inazunguka", ataiua. Bodi ikiungua, ulizia bei yake kabla ya kitu kingine chochote, maana mara nyingine inakaribia nusu ya friji.

Inawaka lakini haigandishi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu jibu la haraka la mtaani ni "gesi imeisha". Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, na kama imepungua basi imetoka mahali. Fundi akikujazia bila kutafuta tundu, utagandisha wiki mbili, tatu, kisha unampigia tena.

Anza na sababu nyepesi. Bana noti ya elfu moja kwenye mlango kisha uivute: ikitoka bila kukazana, mpira wa mlango umelegea. Ukande kwa kitambaa cha maji ya moto, uunyooshe, ujaribu tena. Ukiwa umepasuka, badili. Kama ni lile friji lisiloota barafu, na juu kunagandisha huku chini kuna joto, lizime saa 24 milango ikiwa wazi. Likifanya kazi vizuri siku chache halafu likarudia, tatizo ni hita ya kuyeyushia, taima au fyuzi yake ya joto. Vyote hubadilishwa bila kugusa gesi.

Sababu nyepesi zikiisha, shika mabomba ya nyuma au kuta za pembeni baada ya friji kutembea nusu saa. Zikiwa baridi kabisa huku kompresa inanguruma, gesi haipo au kompresa haisukumi tena. Ukiona theluji kwenye kona moja tu ya sehemu ya kugandishia, gesi ni pungufu.

Kisha uliza: tundu liko wapi? Kama liko kwenye kiungo cha nyuma, panapoonekana povu la sabuni likitoa vipovu, tengeneza. Kama ulichoma kisu ukibandua barafu (mauaji ya kawaida kabisa ya friji za milango miwili), bado inawezekana: alumini huzibwa kwa gundi yake maalumu au kwa kuchomelewa, na kazi ikifanywa vizuri hudumu. Tahadhari: soma kibandiko cha friji kinachotaja aina ya gesi. Kikiandika R600a, hiyo gesi inashika moto. Ukitoboa, usiwashe wala kuzima swichi, fungua madirisha. Tundu likiwa ndani ya povu la ukuta, upande wa joto unaweza kukatwa na kufungwa kondensa (mabomba ya kutoa joto) ya nje mgongoni. Upande wa baridi ukivuja ndani ya povu la friji la kawaida, liache.

Kazi ya gesi ikikubaliwa, simama uangalie mambo haya. Filta, kile kikopo kidogo cha shaba, ibadilishwe kila mfumo unapofunguliwa. Pampu ya vakyumu ivute angalau dakika 30. Asiyekuwa na pampu anaacha hewa na unyevu ndani, na unyevu utaganda kwenye kibomba chembamba na kukiziba. Gesi iwe ileile ya kwenye kibandiko. R134a na R600a hazichanganywi wala hazibadilishani, na R600a hupimwa kwa mizani kwa sababu friji zima huchukua makumi machache tu ya gramu. R12 ya mafriji ya kale ilikatazwa chini ya Itifaki ya Montreal, na kwa nchi zetu mwisho ulikuwa 2010. Friji linalodai R12 leo limekwisha kujijibu.

Friza la samaki

Mafriza ya kulala yanayotumika kuuzia barafu na samaki huku kwetu Mwanza hufa kifo chao wenyewe. Maji ya samaki yana chumvi, hukaa chini, hupenya kwenye pembe na tundu la kutolea maji, na kula bomba lililozungushwa nyuma ya ukuta wa ndani. Dalili ni kutu inayotoka kwenye mkunjo wa chini na gesi inayokwisha kila baada ya miezi michache. Dawa ya mafundi ni kuachana na bomba la zamani na kuzungushia bomba jipya la kopa (shaba) ndani ya boksi. Linagandisha, lakini nafasi inapungua na kopa si bei rahisi. Fanya hivyo kama boksi ni kubwa, kompresa ni nzima na friza linakuingizia hela kila siku. Kwa friza dogo la nyumbani, hesabu inakataa.

Hesabu yenyewe

Chukua gharama yote ya matengenezo: spea, ufundi, gesi, usafiri. Linganisha na bei ya jipya, ongeza kulifikisha nyumbani, toa utakachopata kwa kuuza la zamani. Tuseme jipya ni shilingi 650,000, kulisafirisha 20,000, la zamani linauzika 40,000: gharama halisi ya kununua ni 630,000. Kompresa mpya na kazi yake ni 250,000. Kwa friji la miaka minne, tengeneza. Kwa la miaka kumi na mbili usitengeneze, kwa kuwa thamostati na mpira wa mlango wako kwenye foleni. Gharama ya matengenezo ikivuka nusu ya bei ya jipya, acha, isipokuwa spea inakuja na waranti ya maandishi ya miezi 3 au zaidi.

Umeme nao uingie kwenye hesabu. Zima kila kitu nyumbani isipokuwa friji, tazama taa nyekundu ya mita ya LUKU (ile ya umeme wa kulipia kabla). Kwenye uso wake kumeandikwa idadi ya mimweko kwa yuniti moja, mara nyingi 1000 au 1600. Kwa 1000, mmweko kila sekunde 36 ni wati 100. Kama mita iko kwenye nguzo, andika yuniti zilizobaki usiku na uzisome tena asubuhi. Friji la nyumbani lenye afya hula karibu yuniti moja kwa siku. Likila tatu, yuniti mbili za ziada ni 60 kwa mwezi. Zizidishe kwa bei unayonunulia.

Kisha kuna milima. Ukikaa hapa mjini Mwanza juu ya mawe ya Mabatini, Igogo au Bugarika, kulishusha na kulipandisha friji kwa mabega ya watu ni bei ya relei kadhaa, kwa hiyo fundi aje na mita kwako. Wa Sengerema wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025. Wa kisiwani Ukerewe bado anapanga safari ya meli, na kwake ni busara kupiga picha ya kibandiko na ya kompresa, atume spea ije badala ya friji kwenda. Likisafirishwa, lisimame wima. Likilazwa, lisiwashwe mpaka lisimame saa kadhaa mafuta yarudi kwenye kompresa.

Ukinunua jipya, tafuta kwenye kibandiko herufi ST au T, yaani limetengenezwa kuvumilia joto la hadi nyuzi 38 au 43. Mtumba uone ukigandisha kwa muda wa saa tatu dukani, na usome volti: vyombo vya Japani ni vya volti 100, vya Marekani 120, na kwenye soketi yetu vinaungua papo hapo.

Vyombo vidogo, kwa haraka

Blenda: mpira wa meno unaoshika kisu, na kaboni za mota, badili bila kufikiri. Mota iliyotoa moshi, kusukwa kwake mara chache hudumu. Birika la umeme la wati 2000 lisome karibu omu 26. Lisiposoma kitu, elementi imekatika, nunua jingine. Raisi kuka iliyozimika ghafla kwa kawaida imeunguza fyuzi ya joto iliyovikwa soksi nyeupe. Weka yenye nyuzijoto zilezile zilizoandikwa, kamwe usiunganishe kwa waya mtupu. Maikrowevu inayotoa cheche ndani huenda inahitaji kibati cha maika tu, lakini zaidi ya hapo usifungue mwenyewe: kapasita yake inaua hata plagi ikiwa mkononi mwako. Jiko la gesi lenye moto wa njano zibua matundu kwa sindano nyembamba. Regileta na mpira wa gesi havitengenezwi, vinabadilishwa.

Lililokufa kabisa litauzika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wasikate mabomba ya R600a karibu na moto. Na kabla hujalitoa nje kusubiri mnunuzi, ng'oa mlango, au ulifunge kwa kamba ngumu, kwa sababu watoto wa mtaani wakicheza kujificha hawaoni mahali pazuri kuliko hapo.