Somo: Rangi za maji za kutengeneza mwenyewe, zipi za kazi na zipi za kuchezea

Wengi mmeuliza kama rangi za maji za kusaga kwa mkono zinafaa kwa kazi ya kweli, au ni mchezo wa kupitishia Jumapili. Nazungumzia rangi za kuchorea picha kwenye karatasi, si ile ya fundi wa ukuta.

Jibu langu fupi: kinachoamua ni unga uliotia ndani, si mkono uliosaga. Udongo mwekundu uliooshwa vizuri utadumu sawa na rangi yoyote ghali ya dukani. Bizari ya manjano, hata uisage kwa mapenzi gani, itakukimbia ukutani mchana kweupe: jua litaififisha. Kwa hiyo ukisikia mtu anasifu au anaponda "rangi za asili" zote kwa pamoja, muulize kwanza: asili ya nini?

Somo hili ni la rangi ya udongo. Ndiyo rahisi, haina gharama kubwa, na ndiyo pekee ya nyumbani, pamoja na nyeusi ya masizi, ambayo ningethubutu kumuuzia mteja.

Vitu vya kuwa navyo

Udongo wenye rangi. Gundi ya mgunga, au gamu arabika kama wauzaji wengine wanavyoiita. Asali au gliserini ya duka la dawa. Mafuta ya karafuu. Kipande cha kioo kinene cha dirisha, kingo zake zimepigwa msasa zisikukate. Kitu bapa cha kusagia: wenye fedha huagiza mchi wa kioo, sisi wengine tunatumia chupa nzito ya glasi yenye kitako bapa, tukakisugua kitako kwa msasa wa maji hadi kikwaruze kidogo. Kitambaa cha pamba, kipande cha kanga kuukuu kinatosha. Na barakoa. Barakoa si pambo: vumbi laini la udongo lina chembe za mchanga ambazo mapafu hayana namna ya kuzitoa.

Gundi ndiyo watu huhangaika nayo. Inatoka kwenye mti wa kikwata na ndugu zake wa jamii ya migunga. Sudan ndiyo muuzaji mkubwa duniani, lakini miti hiyo iko pia kaskazini mwa Kenya, Samburu na Turkana, na kwenye kanda kavu za katikati mwa Tanzania. Nunua mapande ya rangi ya asali, yanayopitisha mwanga. Yaliyo meusi yamejaa maganda, yatakutia rangi ya chai kwenye kila kitu.

Hatua ya 1: Kuosha udongo

Hapa ndipo rangi nzuri inapopatikana au kupotea, kwa hiyo msikimbie.

Chimba chini ya tabaka lenye mizizi. Udongo wa juu una mboji, na mboji huoza ndani ya rangi. Wekundu wa Lushoto, njano ya kingo za barabara zilizochongwa, kahawia ya kichuguu, vyote vinafaa. Tia kwenye ndoo, jaza maji, acha ulale usiku kucha. Asubuhi koroga kwa nguvu, kisha tulia kidogo, hesabu taratibu hadi kumi. Mchanga unashuka, rangi inabaki ikielea. Mimina yale maji mekundu kwenye ndoo ya pili kupitia kitambaa, na uache machicha chini. Rudia mara kadhaa. Ndoo ya pili iache itulie hadi maji ya juu yawe meupe. Yamwage polepole, na tope laini lililobaki ulianike kwenye sinia juani.

Likikauka, ponda na uchekeche. Sugua kidogo kati ya vidole: liwe laini kama unga wa ngano. Ukisikia punje hata moja, rudi kwenye ndoo. Punje hiyo moja utaisikia tena ikipiga kelele kwenye kioo, na mara ya tatu utaiona ikichora mstari katikati ya anga ya picha yako.

Hatua ya 2: Kuchoma, kwa anayetaka

Ukiwa na udongo wa njano, una rangi tatu au nne ndani ya mfuko mmoja. Tia unga mkavu kwenye kikaango cha chuma ambacho hakitarudi tena kwenye chakula, weka juu ya jiko la mkaa, nje ya nyumba, na ugeuze bila kuacha. Njano inaanza kuiva kuelekea chungwa, kisha wekundu wa tofali. Madini ya chuma ya njano yamebeba maji ndani yake. Moto ukiyafukuza, yanabaki madini mekundu. Chota kijiko kila rangi inapobadilika na uweke kando. Hutapata rangi za familia moja zinazopatana hivyo kwa kununua.

Madini hayo mekundu ya chuma ndiyo yaliyochora wanyama na watu kwenye majabali ya Kolo, Kondoa, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Yamekaa pale kwa vizazi na bado yanaonekana. Anayekwambia rangi ya udongo haidumu, mpeleke Kolo.

Hatua ya 3: Gundi

Ponda gundi iwe unga. Kipimo kimoja cha unga kwa vipimo viwili vya maji ya moto, yasiyochemka. Koroga, funika, ilale hadi kesho. Chuja. Ongeza robo kipimo cha asali na tone moja au mawili ya mafuta ya karafuu ili isiote ukungu. Usimimine karafuu kama unapika pilau, ni kali na itakuumiza kichwa ukiwa umeinamia kazi.

Asali ina kazi yake. Bila asali au gliserini rangi hukauka ikawa ngumu, ikapasuka, na ukiigusa kwa brashi inakutazama tu. Ndiyo maana viwanda vya London vilipoanza kutia vilainishi hivyo katika karne ya 19, wachoraji waliacha kusugua vipande vigumu kwa dakika nzima kabla ya kupaka.

Hatua ya 4: Kusaga

Vaa barakoa. Weka kilima cha unga juu ya kioo, fanya shimo katikati, mimina gundi. Anza na ujazo sawa wa unga na gundi, kisha rekebisha. Changanya kwa kisu hadi vumbi liishe, halafu saga ukizungusha mchi kwa umbo la nane. Kusanya, saga tena. Mwanzoni kioo kitakwaruza. Ukiendelea sauti inafifia, na mchi unaanza kung'ang'ania kioo kana kwamba hautaki kunyanyuka. Hapo umefika. Kwa udongo ulioosha vizuri nusu saa inatosha.

Hatua ya 5: Kumimina

Tumia vifuniko vidogo vya plastiki, au makombe ya pwani. Vizibo vya soda vinapata kutu, na kutu ni rangi, itaingia kwenye kazi yako bila hodi. Jaza nusu, acha ikauke kivulini siku moja au mbili, itasinyaa, jaza tena. Ukijaza yote mara moja itapasuka.

Hatua ya 6: Majaribio

Usimuuzie mtu picha kabla ya hatua hii.

Kwanza, paka kwenye karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba kama unayo, ikauke kabisa, kisha pitisha kidole. Ikikuachia vumbi, gundi ni kidogo. Iking'aa kama imepakwa vanishi na kuanza kupasuka, gundi imezidi. Rangi bado iko kwenye kioo? Irudishe kwenye mchi, urekebishe. Hata iliyokauka unaweza kuilainisha kwa maji ukaisaga upya.

Pili, chora mstari mweusi wa wino usioyeyuka, upitishie rangi juu. Udongo mwingi utafunika kiasi, mwingine utapitisha mwanga. Yote mawili ni sawa, ilimradi ujue kabla.

Tatu, na hili ndilo kubwa: jua. Paka ukanda mrefu, ukate vipande viwili. Nusu moja ifungie ndani ya kitabu, nyingine ibandike dirishani panapopigwa na jua, andika tarehe nyuma. Baada ya miezi mitatu zilinganishe. Udongo na masizi utazikuta zimefanana. Manjano hukimbia mapema sana, rosela inageuka kijivu cha kusikitisha. Fanya hivyo pia kwa rangi uliyonunua, hata ya kiwandani. Za bei ya chini za wanafunzi nyingine hufifia vilevile.

Sasa, zinafaa? Kwa ardhi, ngozi za watu, kuta za mawe, mbao, vivuli, mimi sirudi dukani. Udongo huacha chembechembe kwenye mashimo ya karatasi, ukuta wa matumbawe unajichora wenyewe. Kwa anga pana lisilo na alama, hapana, zile chembe zitakusumbua. Kwa buluu na kijani kali, nunua. Na ukiwa na kazi kubwa ya mteja, saga rangi yote mara moja, kwa sababu udongo wa shimo lilelile hautakupa wekundu uleule mara mbili.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Niko Mtwara, mgunga siuoni. Naweza kutumia utomvu wa mkorosho? Au ubani?

Marahaba. Utomvu wa shina la mkorosho unafaa, unayeyuka kwenye maji karibu sawa na wa mgunga. Angalia tu usichanganye na mafuta ya ganda la korosho, hayo yanaunguza ngozi. Ubani sikushauri: una gundi kidogo na utomvu mwingi usioyeyuka, utapata maji ya maziwa. Kwa mti wowote usioujua, loweka kipande usiku mmoja. Kikiyeyuka chote, endelea. Kikibaki kigumu, achana nacho.

Mimi ni wa Dar, rangi zangu zina wiki tatu bado zinanata, na mbili zimeota ukungu. Nimefuata vipimo kabisa.

Vipimo ni vya mahali pakavu, dada. Asali huvuta unyevu hewani, na Dar unyevu ni wa bure. Punguza asali kwa nusu, wakati wa masika hata zaidi. Usifunge boksi kabla rangi haijakauka kabisa. Zenye ukungu zitupe, usikwangue juu ukadhani umemaliza.

Nafundisha shule ya msingi. Kama manjano inafifia, nisiwape watoto?

Wape, kaka! Picha ya mtoto haiuzwi. Tena wape na maji ya magadi kidogo: manjano ikikutana na magadi inageuka nyekundu mbele ya macho yao, nawe umepata somo la sayansi bila maabara. Ila usiwape unga mweusi wa betri za redio, najua wengi tulipakia ubao wa shule. Una manganizi na chumvi za zinki, si vitu vya mikono ya watoto. Masizi ya kibatari yaliyochanganywa na gundi yanatoa nyeusi nzuri zaidi.

Buluu ya kufulia inafaa? Ni rahisi na inapendeza.

Inategemea pakiti. Buluu nyingi za unga za zamani zilikuwa ultramarini, ileile ya wachoraji, ambayo Ufaransa ilianza kuitengeneza kiwandani katika miaka ya 1820. Siku hizi nyingine, hasa za maji, ni rangi ya kutia nguo tu na jua litaila. Dondoshea ndimu kwenye unga kidogo. Ikipauka na kutoa harufu ya yai bovu, ni ultramarini. Isipobadilika, ni kitu kingine, itabidi dirisha likujibu. Na hata ikiwa yenyewe, mara nyingi imechanganywa na magadi, kwa hiyo ioshe kwa maji mara kadhaa kabla ya kusaga.

Nimeona mtu mtandaoni anauza seti za rangi za mkono, bei mara mbili ya za kiwandani. Ninunue?

Mwulize ndani ya kila kikopo kuna unga gani. Muuzaji makini atakupa namba ya kimataifa ya unga huo: PR101 ni nyekundu ya chuma, PY43 ni njano ya udongo, PB29 ni ultramarini. Akikujibu "maua ya shambani kwetu" au "siri ya familia", hata kama kopo ni zuri la kutia machozi, weka pesa mfukoni. Wengine husaga unga wa kiwandani, na si kosa, rangi inaweza kuwa bora sana. Basi akwambie hivyo, asiuze hadithi ya mlimani.

Niko Muscat, nikija likizo nataka kubeba udongo wa nyumbani nikasagie huku. Nibebe kiasi gani?

Usibebe udongo mbichi, forodha za nchi nyingi hazipendi udongo kwa sababu ya wadudu na magonjwa ya mimea. Tengeneza rangi ukiwa huku nyumbani likizoni, zikauke, ubebe vikopo. Ukitaka kubeba unga, uoshe, uchome kikaangoni, uufunge vizuri na uulize kwanza sheria za huko unakokwenda. Nusu kilo ya unga uliooshwa ni nyingi, itakuchukua miaka kuimaliza.