Vitafunio vya watoto wakitoka shule: tutengeneze wenyewe, sukari tuipunguze

Wazazi wenzangu mlioko ughaibuni, hii ni kwa ajili ya ile saa ngumu, mtoto anaingia anatupa begi chini na swali la kwanza ni kuna nini cha kula, na we mwenyewe ndo kwanza unatoka shifti au ndo unajiandaa kuingia, na chakula cha jioni bado sana. Hapo ndo pakiti ya biskuti inaposhinda, kwa sababu moja tu, iko tayari. Kwa hiyo hata ukijua mapishi hamsini, kama hakuna kitu kimeshapikwa kinamsubiri mtoto mlangoni, biskuti itashinda kila siku. Mi nashauri upike siku ya off, ujaze friza, siku za kazi iwe kutoa tu.

Alafu hio njaa ni ya kweli jamani, sio ulafi. Shule nyingi watoto wanakula mchana mapema, wanakimbia, wanafika nyumbani wamekauka. Kwa hiyo kichukulie kama mlo mdogo, kitamu kiwepo lakini kiandamane na kitu cha kushibisha: mtindi, yai la kuchemsha, jibini, siagi ya karanga. Kitamu peke yake, nusu saa nyingi keshasimama tena mbele ya friji.

Kuhusu sukari, Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa chini ya 5 ni bora zaidi. Mwongozo wa NHS, yaani huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, unarahisisha mambo: mtoto wa miaka 4 hadi 6 asizidi gramu 19 kwa siku, wa 7 hadi 10 gramu 24. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, kwa hiyo wa miaka saba ana vijiko sita kwa siku nzima, na asali na juisi zinahesabika humo humo, hata ile juisi ya matunda matupu. Tunda zima na maziwa ya kawaida hayahesabiki. (Na asali mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, hata kwenye maandazi au keki, kuna hatari ya sumu ya botulinamu.)

Sasa lebo za dukani zinachanganya watu. Uingereza utaona sukari kwa kila gramu 100, zaidi ya 22.5 ni nyingi, 5 kushuka chini ni kidogo, ila hio namba inajumlisha na sukari ya asili ya maziwa, ndo maana hata mtindi mtupu unaonyesha sukari wakati hakuna aliyeitia. Marekani wamerahisisha, sukari ya kuongezwa ina mstari wake peke yake. Mi nasema nunua mtindi mtupu, matunda utie mwenyewe.

Kwenye kuoka usikate sukari yote siku moja, watoto watagoma na watakuwa na haki. Anza kwa kupunguza robo, wakizoea fika theluthi. Ujue tu sukari ndo inashika unyevu na ndo inaleta ile rangi ya kahawia, kwa hiyo keki yako itatoka nyeupe nyeupe na inawahi kukauka, usingoje iwe kahawia ndo uitoe, choma kijiti katikati kikitoka kikavu imeiva. Unyevu urudishe kwa ndizi ya kuponda au tufaa la kuchemsha. Mdalasini na vanila navyo vinasaidia sana, ulimi unaona utamu kuliko uliopo.

Biskuti rahisi kuliko zote: ndizi mbili mbivu kabisa, zile za madoa meusi maana wanga wake umeshageuka sukari, ziponde, tia kikombe kimoja cha oti na kijiko kikubwa cha siagi ya karanga iliyoandikwa karanga tu kwenye viungo, mdalasini kidogo, tengeneza vidonge uvibonyeze, oveni nyuzi 180 za Selsiasi kama dakika 15. Vinatoka laini, usitegemee vivunjike kama vya dukani. Ndizi hizo hizo ukizikata vipande ukazigandisha usiku mzima ukazisaga kwenye blenda zinakuwa aiskrimu. Mwanzoni zitakuwa kama makombo na utataka kutia maziwa, usitie, endelea kusaga kidogo, zitalainika ghafla.

Wa chumvi chumvi: bisi za sufuriani. Mafuta vijiko vikubwa viwili, tia punje tatu za mahindi ya bisi kwanza, zikipasuka mwaga nusu kikombe, funika lakini acha upenyo mdogo mvuke utoke, zisipopumua zinakuwa kama mpira. Hio ni nafaka nzima, tatizo huwa ni siagi na sukari za pakiti. Au dengu nyeupe za kopo (zile zinazoandikwa chickpeas), zikaushe kwa taulo kwelikweli, mafuta kidogo, oveni 200 dakika 30 hadi 40, zile siku hiyo hiyo maana kesho zimelainika. Viazi vitamu vya kuoka navyo vipange mbalimbali kwenye trei, vikibanana vinachemka badala ya kuchomeka.

Vile vidonge vya tende wanavyoviita vya afya, mi sivipi sifa nyingi. Ni vizuri kuliko pipi, sawa, ila vinanata kwenye meno na mtoto anakula sita kabla hujageuka. Kimoja viwili pamoja na mlo, basi.

Kwa wadogo, kukabwa ni jambo la kweli. Karanga nzima hapana kwa walio chini ya miaka mitano, bisi na dengu ngumu subiri angalau wafike minne, zabibu mbichi zikate kwa urefu ziwe vipande vinne.

Kinywaji maji au maziwa. Juisi na smuthi, hata ya kusaga mwenyewe, NHS wanasema mililita 150 kwa siku, ambayo ni glasi ndogo sana, na inywewe na chakula kwa ajili ya meno.

Mtoto akibaki shuleni kwenye programu za jioni, uliza kwanza sheria zao za karanga, shule nyingi haziruhusu kabisa. Badili siagi ya karanga kwa ya mbegu za alizeti, na kontena liandike jina lake na tarehe uliyopika, ukitoa kwenye friza asubuhi hadi mchana vimeshayeyuka vyenyewe.